Mita Ilisema Sawa

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imemwomba kaka wa marehemu, mwalimu mstaafu wa hisabati, ayaandike na kuyasoma maisha haya, naye ameyapanga kwa mfuatano, kama marehemu alivyopenda mambo yapangwe, ingawa ipo sehemu ya mfuatano huo ambayo mpaka leo haimwingii akilini.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza sekondari, na mwaka 1970 akajiunga na chuo cha mawasiliano, ambako alitoka na cheti, miwani, na tabia ya kutoamini jambo lolote ambalo hajalipima mwenyewe.

Mwaka 1973 aliajiriwa kufunga na kurekebisha antena za redio, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2006, na kila kijana aliyepita mikononi mwake alikaririshwa somo moja, kwamba mita iliyofungwa chini, karibu na mtambo wa redio, haisemi habari za antena peke yake, husema za antena na kebo kwa pamoja, kwa hiyo anayetaka ukweli apande akapime juu, na anayeogopa kupanda akatafute kazi ya kukaa.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na mshonaji wa sare, wakajaliwa wana wawili na binti mmoja, kitinda mimba, ambaye mwaka 2019 alipangiwa kupima hali ya hewa katika kituo cha mlimani, mahali ambapo simu haishiki na mtu huongea kwa redio tu, basi baba yake akasimamisha antena juu ya paa la nyumbani, na kila jioni wakawa wanajuliana hali.

Baada ya mvua za mwaka 2021 mambo yakaharibika: kwa kuwa mtambo wa kituo ulikuwa na nguvu, baba alimsikia binti, lakini binti hakumsikia baba, na jioni baada ya jioni mzee wa watu aliuliza, "Unanipata? Baba hapa, unanipata?", huku binti akisema hewani bila kujua kama anasema na mtu, "Baba, kama upo, mimi mzima, nimekula, usihangaike."

Wakati huo daktari alikuwa amekwisha kumkataza kupanda kwa ajili ya moyo, na mkewe, kwa kumjua, aliihamishia ngazi kwa jirani, hivyo marehemu akamjia kaka yake, wakapiga hesabu ya kuikata kebo iwe na urefu wa nusu kamili kadhaa za wimbi la redio, maana kebo ya urefu huo huonyesha chini kile kilichoko juu, na mtu anaweza kuipima antena akiwa amekaa kwenye kiti, wakakata, wakafunga, mshale wa mita ukatulia mahali pazuri kabisa, jioni akauliza, binti bado hamsikii, wakarudia hesabu, wakakata tena, mshale ukatulia vilevile, binti hamsikii vilevile, mpaka mkewe akasema, "Baba watoto, hiyo mita yako ina adabu mno, haijui kumkatalia mtu."

Mpanda minara aliyefanya naye kazi, tuliyemzoea kwa jina la Tumbili, aliomba zaidi ya mara moja, "Mkuu, niache nipande, nachungulia tu nashuka," naye akajibiwa, "Uje utangaze mjini kwamba umenitengenezea antena? Kunywa chai yako."

Aprili 2023 miguu ilianza kumvimba, tarehe 2 Juni akalazwa, na tarehe 6, akiwa kitandani, akasema kwa shida, "Haya, mwambieni Tumbili apande," naye akapanda kesho yake, akakuta kiungio cha juu kimepasuka na kebo nzima imelowa, na kebo iliyolowa huimeza nguvu ikienda, ikaimeza na ile inayorudi, ambayo ndiyo mita huisoma, mita isione kasoro, ikasema sawa, maana yake hesabu zote zilikuwa sahihi, ila zilipigwa juu ya kebo iliyokufa. Alipoelezwa alifumba macho akasema, "Maji. Miaka miwili, maji tu," na kaka yake hajui hadi sasa akasirikie maji, mita, au ubishi wa mtu aliyefundisha wengine kupanda akakataa kupandiwa.

Marehemu alifariki tarehe 8 Juni 2023, alfajiri. Tumbili alimalizia kufunga kebo mpya siku hiyohiyo, na saa ya binti ilipofika akaita, na kabla hajajitaja binti akapiga kelele, "Nakupata! Baba, nakupata vizuri!", kisha ndipo akaambiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupokelea na kututunzia ile ngazi, wafanyakazi wenzake wa zamani, na Tumbili, aliyebeba mzigo usio wake. Binti yungali njiani akishuka mlimani, hatatuwahi, ila ameomba swali la baba yake lijibiwe leo mbele yenu wote.

Fundi, anakupata. Pumzika kwa amani.