Sista Petronila, Aliyepima Vidole vya Watoto

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu ni Petronila Joachim Likwelile. Nyumbani alikuwa dada yetu mkubwa, Kibiti alikuwa Sista Petro, na kule Mbwera kuna miaka aliitwa jina ambalo hatulisomi mbele ya jeneza lake. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Donati. Baadhi yenu mtauona mchungu. Tumeambiwa tuusome hivyo hivyo, na aliyetuambia mtamjua kabla hatujamaliza.

Marehemu alizaliwa Mahenge, wilaya ya Ulanga, tarehe 14 Septemba 1948, mtoto wa kwanza wa mzee Joachim na mama Consolatha. Mama alipokuwa shambani, yeye ndiye aliyetulea sisi wadogo zake. Alitukatia mirija ya majani ya mpapai tunywee togwa, kila mtu wa kadiri ya mdomo wake. Mdogo akililia mrija wa mkubwa, alinyimwa, na akizidisha kelele alizabwa kibao. Dada hakuwa mtu wa kubembeleza.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapo hapo Mahenge, akaingia chuo cha uuguzi Ifakara mwaka 1966 na kuhitimu 1969. Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na Mwalimu Zefania Mkude, wakajaliwa Emmy na Joachim. Mwaka 1975 mwalimu alihamishiwa Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, na bibi harusi wetu wa milimani akajikuta katikati ya maji. Jirani yao, Mwanahawa, mke wa Shaabani, alimfundisha kupika wali wa nazi na kupanda mtumbwi bila kupiga mayowe. Wakawa mashoga wa kuombana chumvi bila kubisha hodi. Katika miaka ile Mwanahawa alizika watoto wawili, wote hawajatimiza miaka mitano, na mara zote mbili marehemu alikaa naye mkekani mpaka matanga yakaanuliwa.

Mwaka 1979 alipelekwa Moshi kusomea utoaji wa dawa ya usingizi. Alifundishwa kwamba mtoto anayepasuliwa hupitishiwa kooni mpira wa kupumulia, na kila mtoto ana saizi yake. Mwembamba mno unavuja hewa, mnene mno unachubua koo. Kanuni ilikuwa nyepesi: gawanya miaka ya mtoto kwa nne, ongeza nne, hiyo ndiyo namba ya mpira. Aliporudi likizo alituambia kumbe kazi yenyewe ni ile ile ya mirija ya mpapai. Tulicheka sana.

Alipangiwa hospitali moja ya huku Kibiti, familia ikahama kutoka Mbwera, naye akafanya kazi humo mpaka alipoishiwa nguvu. Ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa sokoni Kibiti, maduka ya dawa ya watu binafsi yakafunguliwa, lakini katika chumba cha upasuaji mipira ilioshwa na kurudiwa mpaka ikalegea. Wengine wangejificha nyuma ya shida hizo. Marehemu alikataa. Kuhusu tarehe 22 Machi 1988 alisema daima, “Siku ile sikukosa kitu. Mipira yote ilikuwepo kwenye sinia.”

Siku ile Mwanahawa aliletwa kutoka Mbwera na mtoto wake wa kiume, Sijaona, ambaye ngiri ilikuwa imemnasa na tumbo limevimba. Marehemu alikuwa hajawahi kumwona, maana alizaliwa wao wakiwa wameshahama. Mwanahawa alipomkuta shoga yake mlangoni, alimkabidhi mtoto mikononi.

“Mama Emmy, sina hofu tena. Nimekukuta weye.”

“Ana miaka mingapi?”

“Saba.”

Mtoto alikuwa mdogo wa mwili, lakini msimu ule mafuriko yalikuwa yamechukua mpunga na watoto wote wa delta walikuwa wamekonda. Marehemu akapiga hesabu, akachukua mpira namba sita. Kooni ukagoma. Badala ya kuutoa na kuchukua mwembamba, akausukuma. Ukaingia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mpira ukatolewa, mtoto akaamka, akaomba maji. Kufika alasiri sauti ilikuwa imekauka, na kila akivuta pumzi koo lilipiga mluzi. Koo lilikuwa linavimba kwa ndani. Marehemu alirudi mbio kwenye sinia akachukua mpira mwembamba kuliko ule wa asubuhi, nao sasa haukupita. Sijaona alifariki kabla ya magharibi, mama yake akiwa amemshika miguu.

Hospitali iliwaambia wazazi kuwa ni kazi ya Mungu. Marehemu aliusindikiza mwili kwa boti hadi Mbwera, na huko msibani bibi wa mtoto, Bi Semeni, akaropoka katika kilio: mtoto hata mitano hakuifikisha, alikuwa na minne. Nyumba ile, baada ya makaburi mawili, ilikuwa imeamua kumwongezea mtoto miaka, ili mauti yaliyozoea kuchukua wadogo yamwone mkubwa na kumpita.

Marehemu alisikia, akaelewa: mtoto wa miaka minne ni mpira namba tano, si sita. Shaabani alipomwuliza mbele ya watu, “Sista, niambie, mwanangu kafa na nini?” jibu la kujiokoa lilikuwa mdomoni mwake. Mwanahawa alikuwa ameketi pale, ameinamisha kichwa.

“Nilichagua mpira mkubwa,” marehemu akasema. “Ulipogoma, nikausukuma. Kosa ni langu.”

Akaishia hapo. Neno la miaka hakuligusa. Alimwambia mumewe peke yake, na mwalimu akalitunza.

Alichokipata baada ya hapo wengi wenu mnakijua, na wengine mlishiriki. Wanawake wa delta walishuka barazani na watoto wao wakisikia zamu ni yake. Mwanahawa hakumpa salamu miaka sita. Naye marehemu hakuuliza tena umri wa mtoto wa mtu. Alimshika kidole kidogo cha mkono, akakilinganisha na mpira, kisha akaweka tayari mmoja mwembamba zaidi. Wanafunzi aliwaambia, “Ukigoma, toa. Usibishane na koo la mtoto.” Hatukumwona tena akicheka habari za mirija.

Mwaka 1994 Warda, binti mkubwa wa Mwanahawa, alileta mwanawe aliyevunjika mguu, mfupa umechomoza. Mwanahawa alikuja naye, akasimama mlangoni akimtazama marehemu anavyopima kidole.

“Mbona huulizi miaka?”

“Siku hizi siulizi.”

“Tangu lini?”

Marehemu akaweka kando mpira mmoja mwembamba zaidi. Mwanahawa akakaa chini pale pale sakafuni.

“Nilikwambia saba,” akasema. “Ulijua?”

“Nilijua msibani.”

“Ukanyamaza, watu wakakutafuna kwa maneno miaka yote hii.”

“Shoga, mpira niliusukuma mimi.”

Mjukuu alipona, na yuko hapa leo kwa miguu yake miwili. Wale wawili hawakukumbatiana wala kusameheana kwa maneno. Kuna mambo ambayo pole haiyafikii. Ila tangu siku ile Mwanahawa akifika Kibiti alilala kwa marehemu.

Mwaka 1997 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Moyo ulikuwa umepanuka. Alilazwa Dar es Salaam mara mbili, akaomba arudishwe nyumbani. Miezi ya mwisho hakuweza kulala chali. Alikaa ameegemea mito, Mwanahawa akimpepea, na ilikuwa vigumu kumtazama mtu aliyewapumulia watoto wa wenzake akiitafuta pumzi yake mwenyewe. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Mei 1999, akiwa na miaka hamsini.

Tulipokaa kuandika wasifu huu tuliandika kuwa alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, basi. Bi Mwanahawa akaomba asomewe.

“Sijaona yuko wapi humo?”

Tukamwambia hatutaki kumwaibisha marehemu.

“Kabeba fungu lake na langu miaka kumi na moja,” akasema. “Mpira kasukuma yeye, miaka niliitaja miye. Fungu langu nirudishieni, msimzike nalo. Na mwanangu mumtaje miaka yake ya kweli, hana tena mauti ya kuyakimbia.”

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Zefania, watoto wawili, Emmy na Joachim, mjukuu mmoja, wadogo zake watatu, na shoga yake, Bi Mwanahawa, aliyeketi hapa mbele. Wametangulia wazazi wake, mzee Joachim na mama Consolatha. Ametangulia pia Sijaona Shaabani wa Mbwera, aliyefariki akiwa na miaka minne.

Mungu amlaze Petronila pahali pepesi.