Waliopimwa Mabega

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya kibanda cha Fundi Otto, mshona nguo, hapa Songea mjini jirani na soko. Tangu ije biashara huria kila mtu ana la kuuza; sisi tunauza maneno. Lakini Jumamosi ile ya mwaka tisini na tano maneno yenyewe yalikuwa mazito. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wamechora duara dogo la chokaa katikati ya soko, wakalizunguka kimya. Mtoto akipita na mama yake wanamwomba asimame ndani, kisha wanasema kwa pamoja, polepole: "Huyu anapita."

– Uchawi ule, alisema Tadei, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Wanaiba nyota za watoto mchana kweupe!

– Acha bwana, nikamwambia. Wanatuonya. Wanasema kuna mtu anakusanya watoto, anawauza machimboni Tunduru. Mashimo ya vito ni membamba, mtu mzima hapiti.

– Kuchimba wapi! alidakia Bakili Mstaafu, aliyepunguzwa kazini akiwa na miaka thelathini na tisa tu. Mimi kwetu ni Tunduru. Wallahi, yale mawe yana jini. Kila jiwe la buluu linadai mtoto wake.

– Si jini, ni mumiani, akasema Redio. Bila damu jiwe haling'ai.

– Na lile duara? nikauliza.

– Lile ni mdomo wa shimo, akajibu Redio. Ukishauchora, shimo lenyewe linatembea kumtafuta aliyesimama ndani. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Methali haikuhusu kitu, lakini hakuna aliyecheka. Muuza kahawa wa pale kijiweni alishika birika juu ya kikombe, akasahau kumimina.

Fundi Otto akaondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani.

– Mnatisha watu bure. Mbona wafadhili wema wapo? Si mnamjua yule bwana wa shati jeupe? Anasomesha watoto maskini, bweni, bila ada, huko njia ya Tunduru. Juzi tulikwenda naye kijijini Mpitimbi kupima watoto sare. Hata mjukuu wangu Saimon nimemkabidhi. Wameondoka leo asubuhi.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Bakili, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Ndipo akaja msichana aliyevaa sare ya shule, vidole vyeupe kwa chokaa.

– Shikamooni.

– Marahaba.

– Naitwa Pamela, niko kidato cha tatu. Fundi, wazazi wa Mpitimbi wanasema wewe ndiye uliyepima watoto.

– Ndiyo mimi, binti. Watoto kumi na mmoja.

– Uliwapima nini?

– Mabega. Yule bwana alitaka mabega tu. Wenye mabega mapana aliwarudisha nyumbani.

Pamela alimtazama kwa adabu, kama mwanafunzi anayeuliza ili aelewe.

– Sasa Fundi, suruali zao utazikata urefu gani?

Tulimtazama Otto. Akanyanyuka, akaacha nguo ya mteja ikiwa bado kwenye sindano, akaanza kukimbia kuelekea stendi. Hatukumwita. Gari la Tunduru lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili, na sasa ilikuwa saa tano.