Daktari Kengele

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Mei 1953, mtoto wa tatu wa fundi mizani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Alijifunza kutembea akishikilia benchi lililojaa springi na mawe ya kupimia.

Shuleni alikuwa na kichwa chepesi na mdomo mzito. Alihitimu udaktari mwaka 1980, akapangiwa wodi ya watoto, ambako nesi alikuwa mmoja tu. Siku moja dripu ya mtoto aliyekuwa akiharisha iliisha bila mtu kujua. Mrija ukaziba, mshipa mwingine haukupatikana, mtoto akamfia mikononi.

"Dokta, nilikuwa kitanda cha mwisho kule," nesi alilia. "Nijigawe mara ngapi?"

Hakumlaumu. Alikwenda kwa baba yake kuomba springi.

Alichobuni ni hiki: chupa ya dripu inaning'inia kwenye springi ya mizani. Ikikaribia kuisha inakuwa nyepesi, springi inapanda, inagusa waya, kengele inalia. Kengele ya kwanza aliing'oa kwenye mlango wake mwenyewe, mwaka uleule wa 1982 alipofunga ndoa. Mkewe, mwalimu wa hesabu, hakuacha kumtania: "Mume wangu ana kengele wodi nzima, wageni wangu wanagonga mlango kwa mawe!"

Kila kitanda kikapata kengele, hadi wodi za watu wazima, na watoto wakambandika jina la Daktari Kengele. Kisha akaja mganga mkuu mpya, ambaye leo ameketi nasi safu ya mbele.

"Zinalia mno," alisema. "Wakaguzi wanauliza kulikoni."

"Zinalia kwa sababu hakuna wa kuziitikia," marehemu alimjibu. "Leta manesi, zitanyamaza."

Zikang'olewa. Moja iliwekwa mapokezi kwenye kabati la kioo, na maandishi: Ubunifu wa Hospitali Yetu. Jina lake halimo. Marehemu alilipita kabati hilo kila asubuhi mpaka alipostaafu mwaka 2013, na kila asubuhi alikasirika upya. Tumeombwa tuseme alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na uchungu, na uchungu huo ulikuwa haki yake.

Mwaka huu figo zilimsumbua, kisha damu ikapata maambukizi na presha ikashuka. Akalazwa hospitali ileile. Alitazama juu ya kitanda, akamwambia mkewe, "Mama watoto, ndoano hiyo niliifunga mimi. Springi yake wameipeleka wapi?"

Mkewe aliilinda chupa kwa macho, hadi alipotolewa nje muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Tarehe 3 Juni dripu yenye dawa ya kumshikilia presha iliisha. Nesi alikuwa mmoja, tena kitanda cha mwisho kule. Hatumlaumu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na mimi dada yake ninayesoma haya.

Mganga mkuu, tumepokea shada lako, lililoandikwa "Kwa mbunifu wetu." Jana wifi yangu alikufuata ofisini kuomba ile kengele ya kabatini, ukamwambia ni mali ya hospitali. Sawa, ni mali ya hospitali. Basi irudishe kwenye ndoano, maana kitanda kile leo kina mgonjwa mwingine.

Kaka, zamu yako imekwisha. Lala pema. Kelele tutapiga sisi.