Risala ya Wenye Magari ya Zamani wa Kambarage Kuhusu Petroli Isiyo na Risasi

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Viongozi mlioongozana naye. Mwenye kituo hiki cha mafuta, Bwana Karan. Akina mama na akina baba. Wakubwa wetu shikamooni, na wadogo waliotuamkia tumewaitikia marahaba.

KARIBU

Umekuja kufungua rasmi pampu ya petroli isiyo na risasi. Sisi tuliomba dakika kumi za kusema, tukapewa tano, kwa hiyo hatutazunguka. Hatukuja kuilaumu pampu. Kabla yake tulikuwa tunakaa siku tatu tukisubiri mafuta, na tangu Bwana Karan aanze kutuuzia mwezi wa Machi mwaka huu wa 1998, hatujawahi kukosa.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianza mwaka 1987. Tuna Land Rover tisa, malori mawili ya Bedford na Austin moja ya Bwana Jashvant inayosambaza unga. Gari letu dogo kuliko yote kwa umri lina miaka ishirini na sita. Watu hutucheka njiani, "Hayo makumbusho yanakwenda wapi?" Yanakwenda Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, mgeni rasmi. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likititia na kumfunika mchimbaji, gari linaloitwa ni la kwetu. Magari mapya ya kampuni yana kazi zake, na la hospitali unajua wewe mwenyewe lilipo.

KOSA LETU

Hapa pangekaa mafanikio, lakini tumekubaliana tuanze na kosa.

Bwana Karan alibandika karatasi kwenye pampu: wenye magari ya zamani wamuulize fundi kwanza. Mafundi wenyewe ndio sisi. Tukajiuliza wenyewe, tukajijibu wenyewe, tukajaza tangi.

Fundi wa Kambarage hupima injini kwa sikio. Hatuna vipimo vya madukani. Wiki ya tatu ile kelele ya tapeti, vyuma vinavyogonga valvu, ti-ti-ti tuliyoizoea miaka yote, ikaanza kupungua. Paskalina, mwenye Land Rover ya mwaka 1961, akaja hapa akicheka: "Baba Bujiku, gari langu limenyamaza kama limeokoka!" Na mimi Bujiku ninayesoma risala hii, niliyezunguka gereji za Tabora, Kigoma na Musoma nikiokota ufundi kidogo kidogo, nikamjibu: "Hayo ndiyo mafuta, mama. Usiguse kitu." Wote tukasifu.

Kumbe ule ukimya ndio ulikuwa ugonjwa. Kwenye injini zetu valvu inakalia chuma laini cha silinda hedi yenyewe, kile kichwa cha injini. Risasi iliyokuwa kwenye petroli ilikuwa inaacha utando mwembamba pale katikati. Utando ulipokosekana, valvu ikawa inakula chuma na kuzama. Nafasi ya tapeti ikaisha, kelele ikaisha nayo, kisha valvu zikawa hazifungi, na nguvu ikaondoka.

Mwezi wa Juni mchimbaji Mayala alifukiwa na kifusi Mwakitolyo, akavunjika mguu. Paskalina alimbeba. Kwenye kilima cha mchanga gari likagoma kupanda. Wachimbaji wanane walisukuma. Mayala, amelala nyuma, akawaambia, "Nishusheni na mimi nisukume, mnasukuma kama wagonjwa." Walicheka, lakini walifika hospitali jua limezama, na walikuwa wametoka asubuhi. Mguu umepona ukiwa mfupi. Mayala yule pale mwenye fimbo. Hajatulaumu hata mara moja, na hilo linatuuma zaidi.

TULICHOKIFANYA

Bwana Hozefa wa duka la spea alitafuta kijitabu Nairobi, akatusomea. Dawa ipo: unachimba pale valvu inapokaa, unapachika pete ya chuma kigumu. Mwenzetu Selestine alipeleka silinda hedi yake Mwanza ikafanywa hivyo. Tangu Julai anatumia petroli hii hii, tapeti zinalia vizuri, nafasi haijapungua hata kidogo. Pete za magari mengine Hozefa anazo dukani.

Wapo kati yetu waliotaka tuombe petroli ya zamani irudi. Muuguzi Juliana akatuita zahanati akatueleza risasi ile inavyodhuru vichwa vya watoto wanaovuta moshi wake. Sisi tumeinyonya kwa mpira miaka mingi, tukitema na kuendelea na kazi. Tukatazamana. Ombi hilo tumelifuta.

OMBI

Tunaomba jambo moja. Karakana ya serikali hapa mjini ina mashine inayoweza kuchimba vile vikalio vya valvu. Imefunikwa turubai tangu fundi wake, Mzee Herman, astaafu. Tumeandika barua tatu, tukajibiwa kwamba karakana ni ya magari ya serikali. Ni kweli. Tunachoomba ni Jumamosi kumi na moja tu, hedi moja kila Jumamosi, umeme tutalipa wenyewe. Tungependa tuanze na gari la Paskalina, kwa sababu mvua zikianza mwezi ujao maduara yanatitia zaidi, na sasa hivi hakuna gari la kwetu tunaloweza kuapa kwamba litapanda kile kilima isipokuwa la Selestine.

Mzee Herman ana miaka sabini na moja. Mashine ile anaijua yeye peke yake, na amekubali kufundisha wawili wetu bure. Tulipokuwa tunaandika risala hii alituambia, "Andikeni upesi, mimi sina pete ya kubadilisha." Leo amekuja na ovaroli lake, amekaa mstari wa pili. Petroli mpya, mgeni rasmi, itakuwepo miaka yote. Ufunguo wa karakana uko ofisini kwako.

Wabeja sana kwa kutusikiliza. Mungu akurudishe nyumbani salama, na barabara zako zote ziwe za kupitika.

Ni sisi,
Umoja wa Wenye Magari ya Zamani,
Kambarage, Shinyanga.