Miaka Kumi Aliyoongezewa Anselmo Barragán

Ndugu, jamaa na marafiki, mama yetu Ofelia ameomba haya yasomwe taratibu, maana mengine mpaka leo hayajamwingia akilini, na sisi wengine tunajifanya tu kuelewa.

Marehemu Anselmo Barragán alizaliwa hapa Salinas, California, tarehe 21 Aprili 1984, mtoto wa pili wa wavuna letusi, akasoma hapa hapa, akawa dereva wa trekta, tarehe 9 Juni 2007 akamwoa Yadira, wakajaliwa binti mmoja, Marisol.

Mwaka 2012 jirani yake Chuy, ambaye genge lake la wahalifu mtaa mzima ulilijua, alimwomba amsimamie mwanawe ubatizoni, na kwetu ombi hilo halikataliwi, ingawa Yadira alimwambia, "Unajitafutia balaa, wewe," naye akamjibu, "Sasa mtoto kakosa nini?" wakapigwa picha kanisani, Anselmo katikati ya Chuy na wenzake wa genge, wamemkumbatia.

Tarehe 3 Oktoba 2017 alipigana nje ya baa, akamvunja mtu taya, na kosa hilo hakulikana, lakini polisi aliyeitwa mtaalamu wa magenge akaionyesha mahakama picha ile ya ubatizo, akasema ngumi ile ilipigwa kwa faida ya genge, basi Anselmo akafungwa miaka mitatu kwa lile taya, ikaongezwa kumi kwa ajili ya genge, naye akakata rufaa akidai kwamba ushahidi wa hiyo kumi hautoshi.

Figo zilimlemea gerezani, akafariki tarehe 11 Februari 2020, majaji wakiwa bado hawajaamua, wakili akatuarifu kwamba kesi imefutwa kwa kuwa mwenyewe hayupo tena, majirani wakaanza kumpongeza mama, naye akamwuliza wakili, "Kwa hiyo ameshinda?"

"Hapana, mama."

"Ameshindwa?"

"Hapana pia."

"Toba! Sasa mimi namzika nani?"



Tunawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani waliotupikia tamale za unga wa mahindi siku zote hizi, na madereva wenzake walioacha matrekta shambani, tunamshukuru pia Chuy, aliyekuwa amesimama nje ya geti letu akiogopa kumharibia marehemu jina, mpaka mama akatoka mwenyewe akamshika mkono, akamwambia, "Ingia, mwanangu, hawana tena cha kumwongezea."

Lala, Anselmo, upumzike.