Magego Mawili Yaliyong'olewa Bure

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, ndugu wakuu wa idara, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa:

Mmenisifu vya kutosha, nami nimesikia. Miaka thelathini na moja nimefundisha anatomia ya kichwa katika jengo lile la nyuma, na leo mlitaraji niage kwa tabasamu. Mtanisamehe. Nina hasira.

Mdogo wangu, mwalimu wa chekechea, ameketi pale safu ya pili. Mwaka jana alianza kuumwa karibu na sikio. Akapewa dawa ya sikio. Maumivu yakabaki, daktari wa meno akamng'oa gego. Yakabaki, akang'olewa la pili. Aliporudi tena akaambiwa, "Mama, haya ni mawazo tu. Nenda kapumzike."

Alikuja kwangu hawezi kutafuna hata mkate. Nikaweka vidole mbele ya masikio yake, nikamwambia, "Fungua mdomo taratibu, mdogo wangu." Taya likaenda upande, kiungo kikalia ko! chini ya kidole. Kile kisahani cha gegedu kinachokaa kati ya taya na fuvu kilikuwa kimeteleza. Meno yalikuwa mazima!

Nilimfuata daktari yule wa meno nikiwa nawaka. Nafungua mlango, kumbe ni mwanafunzi wangu mwenyewe wa zamani. Akainuka. "Shikamoo, Mwalimu." Nikamweleza habari ya kiungo kile. Akajibu, "Ile sehemu ya ndani ya uso, nyuma ya taya, sisi hatukuipasua kwenye maiti. Ulituonyesha picha, tukapita."

Alisema kweli. Siku nne za kupasua eneo hilo, penye misuli ya kutafunia, neva na mishipa ya damu iliyosongamana, zilikuwa zimekatwa zikabaki alasiri moja isiyotosha kufika huko ndani. Nami nikakubali, nikampa alama za kufaulu. Je, aliyemng'oa mdogo wangu meno ni yeye peke yake?

Daktari huyo amesimama pale mlangoni. Alimwomba mdogo wangu radhi uso kwa uso, na tangu hapo kila Jumamosi huja maabara kupasua upya, bila kuitwa na mtu. Ndiye ninayejivunia leo.

Nanyi, Mheshimiwa, mmeandaa ratiba mpya inayofuta hata ile alasiri moja, mkaniletea niidhinishe kabla sijaondoka. Wanafunzi watazame video, eti! Video ina kiungo cha kugusa? Nani kati yenu atakubali kufungua mdomo mbele ya daktari aliyefunzwa hivyo?

Ratiba nimeirudisha mezani kwako asubuhi hii, bila saini. Sababu nimeziandika kurasa sita, na nakala iko kwa baraza la chuo. Mdogo wangu sasa anatafuna upande mmoja. Magego hayataota tena.

Nawashukuru kwa zawadi, na kwa kunisikiliza nikisema msiyotaka kuyasikia. Sasa zisomeni hizo kurasa.