Aliyekosa Anaruka Kichura

Benchi lenyewe liko kati ya mlango wa jimu ya Kocha na kibanda cha Kinyozi, na mimi sikwenda kukaa, nilitaka tu kupita niingie ndani, mtoto mgongoni, maana kliniki wameniambia presha haijashuka tangu nijifungue, nifanye mazoezi na nisiache, na mimi wiki nzima nimekosa, mtoto alikuwa na homa. Nikawakuta Kocha, Kinyozi na wenzao na birika lao la kahawa, ubishi umepamba moto. Kocha analalamika wateja wanaanza kwa vishindo, mwezi haujaisha hawaonekani tena.

Kinyozi akasema dawa anayo.

— Mfanyishe mazoezi ya mkono mmoja tu. Mimi nikimnyoa mtu upande mmoja, atakwenda wapi?

— Na mikono ikishalingana? Kocha akauliza.

— Unahamia mguu.

Watu hoi kwa kicheko. Mzee mstaafu wanayemwita Waziri akasema huo utoto, mteja afanywe ndugu: Kocha aoe katika kila nyumba ya wateja wake, nani atamkimbia shemeji? Kinyozi akamuuliza hao wake watakaa wapi. Waziri akajibu yeye anatoa sera, utekelezaji ni wa wengine.

Kocha akayakataa yote. Akasema kinachotakiwa ni nidhamu, ndiyo maana kwake aliyekosa akirudi anaruka kichura katikati ya ukumbi, wenzake wakimpigia makofi.

Hapo nikajiona naruka, maziwa yanalowesha blauzi, watu wanapiga makofi, nikageuka nirudi zangu nyumbani, kisha nikamfikiria huyu mgongoni akibaki bila mimi, na mdomo ukasema wenyewe.

— Shikamooni. Kaka Kocha, samahani. Katika hao walioruka kichura, yupo hata mmoja aliyerudi kesho yake?

Kinyozi akamtazama Kocha, Waziri akamtazama Kocha. Kinyozi akataka kumjazia kikombe, birika halina kitu.

Kocha akatoa simu, akatafuta jina la mteja aliyeruka asirudi, akapiga, akasimama kabisa. Tukasikia sauti ya mwanamke inajieleza haraka haraka, mgonjwa, msiba, sijui nini, haipumui. Kocha huku anasikiliza, kwa mkono wa pili akanifungulia mlango.

— Hapana, mama, huruki. Njoo tu.